D. N. Pritt: Mwanasheria Mwingereza aliyemtetea Kenyatta mbele ya mahakama ya kikoloni

Jomo Kenyatta alipofikishwa mahakamani Kapenguria, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa mwaka 1952, aliyeongoza mawakili wake alikuwa Mwingereza. Huyo ni Denis Nowell Pritt, mwanasheria wa London aliyewahi kuwa mbunge, na ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea watu walioshtakiwa na serikali ya nchi yake mwenyewe.

Pritt alizaliwa Septemba 22, 1887 huko Harlesden, London. Alianza kazi ya uwakili mwaka 1909, na mwaka 1927 akapewa cheo cha Wakili wa Mfalme, ambacho hupewa mawakili wakubwa. Ho Chi Minh alipokamatwa Hong Kong mwaka 1931, Pritt ndiye aliyeshika rufaa yake mjini London. Kesi hiyo iliisha kwa makubaliano, na Ho hakukabidhiwa kwa Wafaransa waliokuwa wakimtafuta.

Katika siasa, alichaguliwa mbunge wa Hammersmith North mwaka 1935 kwa tiketi ya chama cha Labour. Chama hicho kilimfukuza mwaka 1940 kwa sababu aliunga mkono uvamizi wa Umoja wa Kisovyeti nchini Finland. Hata hivyo, mwaka 1945 alisimama bila chama na kumshinda mgombea rasmi wa Labour. Alipoteza kiti chake mwaka 1950.

Kesi ya Kapenguria

Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, wakati Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari. Yeye pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau.

Kapenguria ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa mbali na Nairobi. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kwenda mahakamani. Pritt alisaidiwa na Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa Nairobi akiwemo Fitz de Souza.

Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyeamua kesi peke yake. Baadaye ilijulikana kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000. Pritt alipowaandikia wabunge wa London kwa telegramu kuwa haki inanyimwa, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, lakini akaachiwa huru.

Aprili 8, 1953, washtakiwa wote sita walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu. Hatia ya Oneko ilifutwa katika rufaa, lakini aliendelea kuzuiliwa. Mwaka 1958, shahidi mkuu Rawson Macharia aliapa kwamba alitoa ushahidi wa uongo baada ya kuahidiwa masomo nchini Uingereza. Macharia alishtakiwa kwa kiapo hicho, na Pritt alirudi Kenya kumtetea. Safari hii pia alishindwa: Macharia alifungwa.

Mwaka 1954, kati ya safari hizo mbili, Pritt alikwenda Singapore kuwatetea wanafunzi wa gazeti la Fajar walioshtakiwa kwa uchochezi, akisaidiwa na kijana Lee Kuan Yew. Wanafunzi hao waliachiwa huru.

Doa la Moscow

Lakini sifa hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1936, Pritt alihudhuria mjini Moscow kesi ya Zinoviev na Kamenev, viongozi wa zamani wa mapinduzi waliokiri makosa na kupigwa risasi. Aliporudi London, aliandika kwamba kesi ile iliendeshwa kwa haki. Kukiri kwao kulikuwa kumepatikana kwa mashinikizo. Maswali makali aliyowauliza mashahidi wa serikali Kapenguria hakuyauliza Moscow. Mwaka 1954 Umoja wa Kisovyeti ulimpa Tuzo ya Amani ya Stalin.

Kwa wapinzani wake, hilo lilitosha kumkataa. Kwa washtakiwa wa Kapenguria, Pritt alibaki mtu aliyekuja walipomhitaji. Kenyatta aliachiwa mwaka 1961, na Desemba 12, 1963 aliiongoza Kenya kupata uhuru.

Pritt alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana kati ya 1965 na 1966. Alifariki Mei 1972, akiwa na umri wa miaka 84.