Kinywa cha Mmoja, Kizimba cha Wengi

Ndugu wafanyakazi, swali hili huulizwa kila panapokuwa na mgomo au fununu ya mgomo. Ndugu mmoja akipandwa na hasira mkutanoni akatamka maneno makali, na kumbe kuna mtu aliyeficha kinasa sauti, je, maneno yale yaweza kutufunga na sisi tuliokaa kimya? Jibu la mkato ni kwamba yaweza, ila si kwa urahisi kama polisi wapendavyo tuamini. Ili tuone jambo lilivyo, twende Afrika Kusini, kwenye kesi kubwa ya uhaini ya mwaka 1956.

Alfajiri ya tarehe 5 Desemba 1956 polisi wa makaburu waligonga milango ya watu nchi nzima. Walioshtakiwa kwa uhaini walifika 156, na adhabu ya uhaini ilikuwa kifo. Humo walikuwamo Chifu Albert Luthuli na Nelson Mandela, lakini sisi tuwatazame zaidi watu wetu: Leon Levy, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoitwa SACTU, Leslie Massina, katibu mkuu wake, Lilian Ngoyi, mshona nguo wa kiwandani, Vuyisile Mini wa Port Elizabeth. SACTU iliundwa mwaka 1955 na ilikusanya wafanyakazi bila kujali rangi. Kwa serikali ile, hiyo peke yake ilikuwa dhambi tosha.

Siku za kwanza za uchunguzi, katika jengo la Drill Hall mjini Johannesburg, washtakiwa waliwekwa ndani ya kizimba cha wavu wa waya kama kuku wa sokoni. Mawakili wao walikataa kuendelea katika hali hiyo, na wavu ukaondolewa.

Kwa nini serikali iliwashtaki wote pamoja? Wengine walikuwa walimu, wengine mapadri, wengine vibarua, na wengi hawakuwa wamepata kuonana kabla ya siku hiyo. Sababu ni sheria ya kula njama. Sheria hiyo yasema kwamba watu wakiisha kukubaliana kutenda kosa, basi neno la mmoja lililosemwa kuendeleza njama hiyo ni ushahidi juu ya wote. Mwendesha mashtaka hahitaji tena kuonyesha wewe ulisema nini. Atachukua hotuba ya huyu, barua ya yule na kijitabu cha wa tatu, ashone vazi moja, halafu awavishe nyote. Lakini kuna kikwazo, nacho ndicho cha kushika: njama yenyewe lazima kwanza ithibitishwe. Bila njama, kila mtu hubaki na maneno yake mwenyewe.

Ushahidi ulikuwa lundo la karatasi kama 10,000. Polisi walibeba hata mabango mawili kutoka jikoni la mkutano wa Kliptown wa mwaka 1955, moja likisema supu ina nyama, la pili supu haina nyama. Mabango hayo yakaingizwa mahakamani kama vielelezo vya uhaini. Hotuba nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa mkono na makachero ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kuungaunga, na mawakili waliwahenyesha sana kizimbani.

Kitu kimoja tu hakikuwa cha kuchekesha. Novemba 1956, wiki chache kabla ya kukamatwa, Robert Resha alizungumza na vijana wa kujitolea wa ANC katika chumba ambamo polisi walikuwa wameficha chombo cha kunasia sauti. Aliwafundisha nidhamu: ukiambiwa usipigane, usipigane, lakini ukiitwa kutumia nguvu, basi zitumie kabisa, ua. Maneno hayo yalisikika mahakamani, na magazeti yakayatangaza. Waendesha mashtaka waliona wamekwisha kushinda. Hapa hapakuwa na kachero wa kubanwa kwa maswali juu ya kalamu yake. Ilikuwa sauti ya mtu mwenyewe.

Fikiri sasa kuhusu Lilian Ngoyi au Leon Levy. Sauti ile haikuwa yao, lakini kwa kuwa walikaa benchi moja na Resha katika kesi moja, ilikuwa inawanyemelea na wao kitanzi kwa kitanzi.

Mawakili, wakiongozwa na Israel Maisels, hawakuukana ukanda. Walifanya lililo bora zaidi, wakauweka mahali pake. Walionyesha kwamba hotuba ile moja ilikwenda kinyume na siasa iliyotangazwa na ANC kwa miaka mingi katika mamia ya mikutano. Serikali ilidai njama ya nchi nzima. Basi iulizwe nchi nzima, si chumba kimoja.

Kesi ilisuasua. Wengi waliachiwa njiani, hati ya kwanza ya mashtaka ikaondolewa mwaka 1958, na hatimaye wakabaki watu 30 wakishtakiwa katika sinagogi kuukuu la Pretoria. Waliokaa Johannesburg walisafiri kwa basi asubuhi na jioni. Mfanyakazi aweza kukisia wenyewe maana ya kukosa kazi miaka minne na kitu ukisubiri kujua kama utanyongwa. Mfuko wa msaada uliokusanywa na watu wa kanisa, Askofu Ambrose Reeves akiwa miongoni mwao, ndio uliolisha nyumba nyingi. Kwa maoni yangu adhabu ya kesi za pamoja huanza hapo, kabla ya hukumu.

Tarehe 29 Machi 1961 majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Rumpff, walisema serikali imeshindwa kuthibitisha kwamba ANC ilikuwa na siasa ya kuipindua kwa nguvu. Njama ikaanguka, na washtakiwa wote waliobaki wakatoka huru, Resha pamoja nao.

Je, mawakili wangeweza kusema ukanda utupwe kwa sababu ulipatikana kwa siri? Hapo twarudi kwetu Afrika Mashariki. Wakati wa hali ya hatari Kenya, mwaka 1954, mfanyakazi wa shamba aliyeitwa Kuruma alikuwa likizoni, akienda kwao kwa baiskeli. Alisimamishwa kwenye kizuizi, akapekuliwa na polisi wa cheo cha chini kuliko sheria ilivyotaka, ikasemwa ana risasi mbili. Wazee wa baraza waliokaa na mahakama walishauri aachiwe, akahukumiwa kifo. Rufani yake ilifika London, na mabwana wa huko wakaamua kwamba ushahidi ukiwa unahusu kesi, mahakama haijali sana ulivyopatikana. Uamuzi huo juu ya mtu wa shamba ulinukuliwa dunia nzima, na ndio ulioifungulia mlango mikanda ya siri. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 2016, kwa kawaida hawaruhusu mazungumzo ya simu yaliyonaswa yatumike mahakamani kwao.

Marekani walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1928 Mahakama Kuu yao, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali simu zilizonaswa katika kesi ya Roy Olmstead, mwuza pombe ya magendo wa Seattle, ingawa kunasa simu kulikuwa kosa katika jimbo lile. Iliwachukua mpaka 1967 kugeuka.

Na leo? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, yasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utakataliwa ikiwa kuukubali kutaharibu haki katika kesi. Hilo limempunguza nguvu mzee Kuruma. Kuhusu kesi za pamoja, sheria za ushahidi za Kenya, Uganda na Tanzania, zilizotokana na ile ya India ya 1872, zaruhusu mahakama kuzingatia ungamo la mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake. Tanzania imeandika wazi kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ungamo la mwenzake peke yake.

Kwa hiyo, ndugu akiletewa sauti iliyonaswa, wakili wa chama aulize nani alinasa na kwa idhini ya nani, sauti ilihifadhiwa wapi, nani ameitambua. Adai isikilizwe yote, si kipande. Aombe pia kesi itenganishwe, ingawa hilo ni hiari ya jaji, na mara nyingi hukataliwa.

Likikataliwa, bado kila mtu apimwe peke yake. Kule Kapenguria mwaka 1952 na 1953 washtakiwa sita walihukumiwa pamoja, wawili wao wakiwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Bildad Kaggia. Kwenye rufani Achieng Oneko peke yake alionekana hana hatia. Serikali ya kikoloni haikumwachia, ilimtia kizuizini.