Ukatili wa Vijana Jukwaani: Andres Veiel na Tamthilia ya Der Kick (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi ukatili wa vijana ulivyoingia katika tamthilia za Ulaya, kuanzia kwa Frank Wedekind wa Ujerumani, ambaye mchezo wake Frühlings Erwachen uliochapishwa mwaka 1891 ulisubiri hadi 1906 ndipo ukaonyeshwa jukwaani, hadi kwa Edward Bond wa Uingereza, ambaye katika Saved ya mwaka 1965 aliwaonyesha vijana wa London wakimpiga mawe mtoto mchanga ndani ya kigari chake hadi akafa. Wedekind na Bond walibuni visa vyao na wahusika wao. Sehemu hii ya pili inamhusu Andres Veiel, mtunzi na mwongozaji wa Kijerumani aliyechukua njia nyingine: alitwaa mauaji yaliyotokea kweli, akajifunga kutumia maneno yaliyosemwa na watu waliohusika nayo, na papo hapo akakataa kuyaonyesha mauaji yenyewe mbele ya hadhira.

Veiel alizaliwa Stuttgart mwaka 1959, akasomea saikolojia mjini Berlin, na huko huko akapata mafunzo ya uongozaji kwa Krzysztof Kieślowski, mwongozaji mashuhuri wa filamu kutoka Poland. Elimu hizo mbili, ya kuchunguza nafsi ya mtu na ya kupanga onyesho, zinaonekana wazi katika kazi zake. Katika filamu yake ya Black Box BRD ya mwaka 2001 aliyaweka sambamba maisha ya Alfred Herrhausen, mkuu wa benki aliyeuawa mwaka 1989, na ya Wolfgang Grams, mwanachama wa kundi lenye silaha la mrengo wa kushoto aliyefariki mwaka 1993, akawasikiliza jamaa na marafiki wa pande zote mbili kwa uzito ule ule. Desturi hiyo ya kusikiliza pande zilizotenganishwa na damu ndiyo aliyokwenda nayo Potzlow.

Potzlow ni kijiji kidogo cha eneo la Uckermark, katika jimbo la Brandenburg, kaskazini mwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 2002, ndugu wawili, mmoja wa miaka 23 na mwingine wa miaka 17, pamoja na rafiki yao wa miaka 17, walikuwa wakinywa pombe na mvulana wa miaka 16 waliyemfahamu, kisha wakaanza kumpiga na kumlazimisha aseme kwamba yeye ni Myahudi, ingawa hakuwa, kwa kuwa wafuasi wa Unazi mamboleo, yaani itikadi inayofufua mafundisho ya Hitler, hulitumia jina hilo kama tusi la kumvua mtu utu wake. Sehemu ya mateso hayo ilifanyika mbele ya watu wazima, nao hawakuyakomesha. Baadaye mvulana huyo alipelekwa kwenye banda la nguruwe lililokuwa limeachwa, akalazimishwa kung'ata ukingo wa hori, na yule mdogo kati ya ndugu wawili akamrukia kichwani kwa miguu yote miwili, akiiga tukio aliloliona katika American History X, filamu ya Marekani ya mwaka 1998. Maiti ilifukiwa katika shimo la samadi na haikupatikana hadi mwezi Novemba, baada ya muuaji mwenyewe kuwaambia vijana wenzake habari hiyo. Mahakama ya Neuruppin ilimhukumu kaka mkubwa kifungo cha miaka 15, na mdogo wake, aliyeshtakiwa chini ya sheria ya vijana, kifungo cha miaka 8 na nusu.

Waandishi wa habari walifurika kijijini, wakapiga picha, wakaandika kwamba Potzlow ni kijiji cha Wanazi mamboleo, kisha wakaondoka, na wanakijiji wakafunga milango yao na vinywa vyao. Veiel na mwenzake Gesine Schmidt walifika baada ya kishindo hicho kupita, wakatumia miezi kadhaa kujenga imani, hadi wakazi, wazazi wa pande zote mbili na wahalifu wenyewe wakakubali kuzungumza. Mahojiano hayo, pamoja na kumbukumbu za polisi na za mahakama, yalitoa rundo kubwa la kurasa, na kutokana nalo likachujwa andiko la mchezo mmoja ulioitwa Der Kick, yaani Teke, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2005 kwa ushirikiano wa Theater Basel ya Uswisi na Maxim Gorki Theater ya Berlin. Mwaka 2006 mchezo huo ulitolewa pia kama filamu, na mwaka 2007 Veiel akachapisha kitabu kuhusu uchunguzi huo.

Utungaji wa aina hii huitwa tamthilia ya nyaraka, yaani tamthilia ambayo mazungumzo yake yametolewa katika kumbukumbu za mahakama, mahojiano, barua au ripoti, na ambayo mtunzi wake huchagua, hukata na hupanga badala ya kubuni. Ujerumani ina mizizi mirefu katika sanaa hiyo. Mwaka 1965 Peter Weiss alitumia kumbukumbu za kesi ya Frankfurt dhidi ya walinzi wa kambi ya Auschwitz kutunga Die Ermittlung, mchezo ambao hauionyeshi kambi hata mara moja bali huwaacha mashahidi na washtakiwa waseme. Veiel aliurithi msimamo huo, akauongezea ukali.

Ukali huo uko katika utendaji. Jukwaa la Der Kick ni ukumbi mtupu wa jengo la zamani la viwanda, na waigizaji wake ni wawili tu, Susanne-Marie Wrage na Markus Lerch, wenye mavazi meusi ya kawaida yasiyobadilishwa tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa wahusika wanaosemewa ni karibu ishirini. Mwanamke mtu mzima husema maneno ya kijana wa kiume, na baada ya kitambo kidogo mtu huyo huyo huwa mama, kisha mwanasheria, na hadhira huyatambua mabadiliko hayo kwa namna bega linavyoinuka, kidevu kinavyoshuka, au sauti inavyokauka. Inapofika habari ya hori, hakuna anayeanguka wala kupiga kelele, bali mwigizaji husimama wima na kutoa maelezo kwa lugha bapa ya karatasi ya polisi, ambamo swali hufuatwa na jibu fupi, na jibu hufuatwa na swali jingine.

Msingi wa uigizaji huo ulielezwa zamani na Bertolt Brecht katika insha yake kuhusu tukio la barabarani, ambamo mtu aliyeshuhudia ajali huwaonyesha wapita njia jinsi dereva alivyogeuza usukani na jinsi mwathirika alivyoanguka, bila yeye mwenyewe kujifanya dereva wala mwathirika, kwa sababu shabaha yake ni kuwawezesha wasikilizaji kuamua nani alikosea na ajali ingezuiwaje. Brecht aliamini kwamba mtazamaji aliyezama mno katika hisia za mhusika hupoteza nguvu ya kuhukumu, kwa hiyo akatafuta mbinu za kumweka mbali kidogo, ili alionalo jukwaani limshangaze na kumfanya aulize. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa fikra hizi, kwani Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile na Mashetani, aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia ya Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin miaka ya 1970, katika mji ambao Brecht alikuwa ameuachia urithi mkubwa wa jukwaa.

Mbinu hiyo ina faida kubwa panapohusika ukatili wa vijana. Kijana wa Potzlow aliua kwa kuiga picha aliyoiona kwenye filamu, tena filamu ambayo nia yake ilikuwa kuulaani ubaguzi, na hapa ndipo mtunzi yeyote anapopaswa kutahadhari, kwa maana picha ya ukatili haitii nia ya aliyeipiga. Veiel aliikata njia hiyo. Kwa kumnyima mtazamaji teke lenyewe, alimlazimisha asikilize yaliyolizunguka: baba anayekumbuka mashamba ya ushirika ya Ujerumani Mashariki yaliyofungwa baada ya muungano wa mwaka 1990 na kazi zilizokwenda nayo, jirani aliyesikia akanyamaza, matusi yaliyozoeleka hadi yakakosa kumshtua mtu, na pombe iliyokuwa burudani pekee ya vijana wasio na pa kwenda. Ukatili huo, katika mchezo huu, unaanza katika maneno na katika kimya cha wakubwa muda mrefu kabla haujafika bandani.

Lawama nzito dhidi ya kazi hii ni kwamba kumpa muuaji na wazazi wake nafasi ya kusema ni kuwatafutia udhuru. Jibu linapatikana ndani ya mchezo wenyewe, kwani hakuna sababu hata moja kati ya zinazotajwa inayotosheleza: vijana wengi walikuwa na baba waliopoteza kazi, walikunywa, waliitazama filamu ile ile, na hawakuua. Kueleza chanzo cha kosa si kumwondolea mkosaji dhamana yake. Lawama ya pili ni ngumu zaidi kuikwepa. Tamthilia ya nyaraka huwategemea wanaoweza kuhojiwa, na aliyeuawa hahojiwi, hivyo wauaji wana maneno mengi ilhali mvulana wa miaka 16 anajulikana kwa vinywa vya wengine tu, hasa kinywa cha mama yake. Upungufu huo haukuweza kuzibwa bila kubuni, na Veiel alifanya vyema kutobuni uongo wa kuuziba, lakini kila mwongozaji atakayeushika mchezo huu ana wajibu wa kuyapa maneno machache ya mama huyo nafasi na utulivu unaoyastahili.

Thamani ya Der Kick, basi, ni kwamba inawarudisha watu wazima katika kesi ambayo mahakama iliwahukumu vijana peke yao. Sheria humtafuta mwenye mkono uliopiga, na ni haki kufanya hivyo. Tamthilia ina uwezo wa kuwaita pia waliokuwepo, wakaona, wakanyamaza, na kuwataka wajieleze mbele ya wenzao. Jamii inayodai kwamba haielewi vijana wake wamepata wapi ukatili inapaswa kwanza kuwasikiliza hao.

Sehemu ya tatu itamgeukia William Mastrosimone wa Marekani, aliyetunga mchezo wa Bang Bang You're Dead mwaka 1999 kuhusu mauaji ya risasi shuleni, akautoa bila malipo ili uigizwe na wanafunzi wenyewe.

Itaendelea.