Umbali wa Kutembea Kati ya Kituo na Kituo: Namna Unavyokokotolewa

Abiria anayeshuka katika kituo cha reli cha Mwanza, jiji lililofikiwa na reli mwaka 1928, mara nyingi hulazimika kutembea hadi kituo cha daladala au gati la kivuko. Mzee, mama aliyebeba mtoto au mtu anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji kujua mapema urefu wa mwendo huo. Programu fupi ya kompyuta yaweza kukokotoa umbali baina ya vituo vingi kwa mara moja.

Kwanza, programu hupewa latitudo na longitudo ya kila kituo. Karibu na ikweta, kama ilivyo Mwanza, nyuzi moja ni takriban kilometa 111 kwa pande zote mbili. Iwapo vituo viwili vimepishana kwa nyuzi 0.003 mashariki-magharibi na nyuzi 0.004 kaskazini-kusini, umbali kati yake ni mita 555 hivi, yaani mwendo wa dakika saba.

Hata hivyo, huo ni umbali wa mstari mnyoofu. Mtembea kwa miguu huzungushwa na vilima vya mawe, Mto Mirongo na ziwa lenyewe. Kutoka gati la Kamanga jijini hadi ng'ambo ya Sengerema mstari ni mfupi, lakini katikati yake ni maji.

Kwa sababu hiyo, programu huhitaji pia ramani ya njia, kama vile OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiongezea taarifa. Programu hujumlisha urefu wa vipande vya njia na kuchagua mfuatano mfupi kuliko yote, kwa kanuni iliyochapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Zile mita 555 zaweza kugeuka 900.

Hesabu hiyo haiwezi kuishinda ramani yake. Kichochoro kisichochorwa humzungusha msafiri bure. Ngazi isiyobainishwa humfikisha mwenye kiti cha magurudumu mahali asipoweza kupita. Wakazi na viongozi wa mitaa ndio wanaojua vichochoro, ngazi, madaraja ya miguu na sehemu zinazofurika wakati wa masika. Taarifa hizo zikiingizwa katika ramani, mahali pa kuweka kituo kipya patachaguliwa kwa kuzingatia njia ambayo wananchi wanaipita kweli.