Maji Chini ya Mchanga wa Tiva

"Mwalimu, kama Mungu yupo kweli, mbona tunaambiwa tuamini? Si mtuonyeshe tu?"

Aliniuliza kijana wa kidato cha tatu katika mafundisho ya kipaimara, kigangoni kwetu karibu na mto Tiva, Kitui. Wenzake walicheka. Mimi hufundisha fizikia siku za juma na katekesi Jumamosi, na swali lake nimelala nalo miaka mingi.

Nikawapeleka mtoni. Ilikuwa Septemba, mto mkavu kabisa, lakini akina mama walikuwa wameinama kwenye mashimo wakichota maji kwa kibuyu. Walijuaje pa kuchimba? Mmoja akaonyesha mkuyu wenye majani mabichi, na mwamba uliokatiza mto. Hakuna aliyekuwa ameyaona maji; akili ndiyo iliyasoma kwa dalili zake.

Kanisa linafundisha vivyo hivyo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulitamka kuwa akili ya binadamu, ikitazama viumbe, yaweza kumjua Mungu kwa hakika. Wazee wetu Wakamba hawakusubiri tamko hilo. Walimwita Mumbi, yaani Muumba, na Mwatuangi, mpasuaji, kama fundi apasuavyo gogo. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na padri wa Kianglikana, aliyaandika majina hayo. Ile ilikuwa akili ikifanya kazi, na sikubali iitwe giza.

"Basi imani ya nini?" kijana akasisitiza. Msichana mmoja akamjibu kabla yangu: "Ukiona moshi jikoni, wajua kuna mtu. Jina lake, na kama anakupenda, mpaka akwambie mwenyewe."

Sijapata kulieleza vizuri hivyo. Kwamba Mungu ni Utatu, kwamba alizaliwa na Maria akafa kwa ajili yetu, hakuna mkuyu unaotuambia. Amesema mwenyewe, nasi tumempokea.

Mwaka 1998 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima kuhusu imani na akili, akaonya kuwa imani iliyoikimbia akili huangukia ushirikina. Nimeyaona hayo: wakati wa ukame, mama mmoja aliuza mbuzi wake wa mwisho anunue mafuta ya upako ya kuleta mvua. Iliniuma, inaniuma bado.

Makatekista wenzangu wa Kitui, nanyi wa Makueni katika jimbo jipya la Wote lililoundwa 2023: mtoto akiuliza, msimnyamazishe. Mpelekeni mtoni.