Soya na Saratani ya Matiti: Maabara Inasema Nini, Mwili Unasema Nini

Mwanamke akishaambiwa ana saratani ya matiti, ushauri humiminika kabla hajafika nyumbani. Huyu atamwambia aache nyama, yule aache sukari, na hakosi wa kumwambia aitoe soya kwenye uji wa lishe kwa kuwa "ina homoni za kike". Kauli hiyo ina chimbuko lake maabara, na mgonjwa anastahili kuelezwa ukweli wake.

Soya haina homoni ya binadamu. Ina kemikali za mmea ziitwazo isoflavoni, na iliyochunguzwa zaidi ni jenisteini. Umbo lake linakaribiana na la estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko zote mwilini mwa mwanamke, hivyo huweza kujipachika kwenye vipokezi vya estrojeni ndani ya seli. Vipokezi hivyo ni vya aina mbili. Alfa ndicho kinachoziamuru seli nyingi za saratani ya matiti kugawanyika. Beta, kilichotangazwa mwaka 1996 na watafiti wa Sweden, mara nyingi hupunguza kasi hiyo. Jenisteini hukishika beta kwa nguvu zaidi kuliko alfa.

Majaribio mengi yametumia seli ziitwazo MCF-7. Zilitokana na maji yaliyovutwa kifuani mwa mtawa mmoja wa Marekani aliyekuwa na saratani ya matiti, zikakuzwa Detroit, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1973. Mtawa alishafariki, seli zinaendelea kugawanyika hadi leo. Ukizitia jenisteini kidogo, chini ya mikromola 10, huongezeka kwa kasi. Ukizidisha, mambo hugeuka: jenisteini huzuia vimeng'enya vinavyopitisha amri ya kukua, na seli hudumaa au kufa. Tatizo ni kwamba damu ya mla soya kwa kawaida huwa na kile kiasi kidogo, kile kinachochochea. Panya walioondolewa ovari na kupandikizwa MCF-7 nao walipolishwa jenisteini, uvimbe ulikua, na nguvu ya tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni isichochee saratani ya matiti, ikapungua. Hofu ilianzia hapo.

Lakini seli iliyotengwa na mwili ni nyepesi mno kuchochewa. Mwaka 1986 watafiti nchini Marekani waligundua kuwa hata rangi nyekundu inayotiwa kwenye maji ya kukuzia seli, ili kuonyesha kiwango cha asidi, ilikuwa ikizikuza MCF-7 kama estrojeni dhaifu. Miaka yote hiyo ilikuwa imo chupani bila kushukiwa.

Mwilini, jenisteini haifiki kwenye titi kama ilivyotoka kwenye soya. Utumbo na ini huifungia kemikali nyingine, na sehemu kubwa ya inayozunguka kwenye damu imeshapoteza makali. Panya hubaki na nyingi zaidi iliyo huru, kwa hiyo si kipimo kizuri cha mwanamke.

Wanawake wenyewe wamechunguzwa Shanghai, mji ambao soya ni chakula cha kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 5,042 kwa takriban miaka minne. Waliokula protini ya soya kwa wingi walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 29, na ya saratani kurudi pungufu kwa asilimia 32, wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa. Hali ilikuwa hivyo hata kwa wenye saratani inayotegemea estrojeni. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba soya ni dawa, maana huenda walaji wake walitofautiana na wenzao kwa mengine. Ila madhara yaliyohofiwa hayakuonekana.

Basi dada, mama, usiuogope uji wako wa soya. Vidonge vya isoflavoni ni jambo jingine: hubeba dozi iliyokolezwa, na hupaswi kuvimeza bila daktari wako kujua. Muulize pia majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe wako kupimwa yanasema nini kuhusu kipokezi cha estrojeni, kwa sababu hicho ni miongoni mwa vinavyoamua tiba yako. Na ukiandikiwa tamoksifeni, imeze mpaka mwisho wa muda uliopangiwa. Hakuna nafaka wala kunde inayoweza kushika nafasi yake.