Udaktari Mara Mbili: Je, Mwanao Ataweza?

Mzazi, utasemaje mwanao akikuambia kuwa udaktari mmoja haumtoshi? Anataka kutibu wagonjwa, na papo hapo apate shahada ya uzamifu kwa utafiti wa kisayansi.

Huko Marekani jambo hili si geni. Mnamo 1964 serikali ilianza kuyagharamia mafunzo ya aina hii katika vyuo vitatu vya udaktari: Albert Einstein, New York na Northwestern. Leo vyuo vinavyofadhiliwa ni vingi. Mwanafunzi halipi karo, tena hupewa posho.

Lakini safari ni ndefu! Kwa kawaida miaka miwili ya kwanza husoma na wenzake wa udaktari. Kisha huwaaga na kuingia maabara kwa miaka mitatu, minne au hata zaidi, kwani maabara haina kengele ya kufunga shule. Jaribio likikataa, huanza upya. Hatimaye hurudi hospitalini miaka miwili hivi kumalizia udaktari. Jumla yake ni kama miaka minane, na bado hajaanza kusomea ubingwa.

Hapo ndipo penye machungu. Alioanza nao wamekwisha kuwa madaktari, wanalipwa mshahara, na pengine mmoja wao ndiye anayemsimamia wodini. Yeye ndiyo kwanza anajikumbusha jinsi ya kumpima mgonjwa. Na harusi je? Na wazazi wanaosubiri msaada?

Wako waliosoma kimoja baada ya kingine. Francis Collins alipata uzamifu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1974, kisha udaktari huko North Carolina mwaka wa 1977. Mnamo 1989 alikuwa miongoni mwa waliogundua jeni inayosababisha ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi. Daktari aliyekwisha kumsikiliza mgonjwa akihema hujua swali la kupeleka maabara.

Hapa kwetu, udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka sita, kisha kuna mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Anayetaka uzamifu kwa kawaida huufuata baadaye, mara nyingi akiwa na watoto wanaodai karo yao wenyewe.

Tahadhari moja, mpenzi msomaji: ule ufadhili wa serikali ya Marekani ni wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Mwanao akitaka kwenda huko, na akiulize chuo kwanza kama kina fedha zake chenyewe kwa wageni.