Wingi wa Kiingereza na Silabi Isiyotakiwa

Mwanafunzi anayeanza Kiingereza huambiwa kwamba wingi hupatikana kwa kuongeza herufi s mwishoni mwa nomino, na kwa nomino kadhaa es. Kwenye daftari somo limekwisha hapo. Mdomoni ndipo linapoanza, kwa kuwa herufi hiyo moja ina matamshi matatu. Katika "books", "cups" na "cats" husikika s kama ya sana. Katika "dogs", "pens" na "days" husikika z kama ya zana. Katika "buses", "churches" na "bridges" neno huongezeka silabi nzima, iz. Kinachoamua ni sauti ya mwisho ya neno likiwa katika umoja. Sauti isiyo ghuna kama p, t, k au f hufuatwa na s. Sauti ghuna, yaani ile inayotikisa koo ukiligusa kwa vidole, hufuatwa na z, na irabu zote zimo katika kundi hili. Neno likiishia kwa s, z, sh, ch au j, hutiwa irabu fupi katikati, kwa sababu sauti mbili zinazokaribiana hivyo hazitamkiki vizuri zikiandamana. Kanuni ni sahihi. Tatizo ni mpangilio wake: kwa kawaida huanza na tofauti ya s na z, ilhali kwa msemaji wa Kiswahili jambo la kwanza lingekuwa kuhesabu silabi.

Tukitazama Kiswahili chenyewe, sababu inaonekana. Sauti s na z tunazo zote mbili na tunazitofautisha kila siku. Hakuna Mswahili anayechanganya saa na zaa. Kwa Mhispania kazi ni nzito zaidi, maana lugha yake haitumii tofauti hiyo kutenganisha maneno. Kinachotukwaza sisi ni mahali sauti hizo zinapokaa. Silabi zetu karibu zote hufungwa kwa irabu, kwa hiyo ulimi uliozoea buku na peni hutaka kusema bukusi na penzi. Neno la silabi moja linakuwa na mbili au tatu, na msikilizaji analitafuta katika kumbukumbu yake asilipate. Madhara huzidi katika kundi la "buses", kwa sababu hapo silabi ya ziada ndiyo habari yenyewe. Anayeongeza irabu kila mahali hupoteza alama inayotenganisha "rose" na "roses". Kuna na jambo la pili. Sisi huusikia wingi mwanzoni mwa neno, tena mara nyingi katika sentensi moja: vitabu vyangu vizuri vimepotea. Hata nyumba na nguo, zisizobadilika umbo, hutangazwa na yangu au zangu. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo katika kivumishi. Katika "I lost my books" wingi wote umebebwa na konsonanti moja ya mwisho, mahali ambapo sikio letu halijazoea kungoja habari.

Hata hivyo uwezo tunao, na ushahidi umo katika maneno tuliyokwisha kuazima. Soksi na chipsi zilitoka katika wingi wa Kiingereza zikiwa na s yake, na zimehifadhi ks na ps bila irabu katikati. Jinzi nayo ilitoka katika wingi, lakini yenyewe ina z, kama Kiingereza kinavyotamka baada ya n. Hakuna aliyewafundisha wauza nguo na wakaanga viazi kanuni ya sauti ghuna, walifuata walichosikia. Msomaji makini atasema kwamba wapo wanaosema jinsi, na kwamba dozi tuliipa z ingawa Kiingereza hutamka s. Ni kweli, na ndiyo maana maneno haya hayawezi kuwa kamusi ya matamshi. Yanachothibitisha ni kwamba mkusanyiko wa konsonanti unaotisha darasani tayari umo vinywani mwetu. Kilichobaki ni kuikata irabu ya mwisho, na hilo linaweza kufanyiwa mazoezi: soksi, kisha soks, chipsi, kisha chips.

Wapo wanaotaka kurahisisha mambo kwa kufuata herufi, wakifundisha kwamba penye es pana silabi zaidi. Tahajia haitegemeki kiasi hicho. "Cakes" na "names" zina es lakini kila moja ni silabi moja, na "cages" ina mbili. "Stomachs" inaishia kwa ch iliyoandikwa, ila inayotamkwa ni k, kwa hiyo hufuatwa na s tu. "Laughs" ina s kwa kuwa gh yake ni f. "Ploughs" ina z kwa kuwa gh yake haitamkwi kabisa. Chanzo ni historia. Katika Kiingereza cha zama za kati kiambishi cha wingi kilikuwa na irabu iliyosikika, na karne zilizofuata irabu hiyo ilidondoka karibu kila mahali, ikabaki pale tu ambapo bila yake neno lisingetamkika. Uandishi haukuifuata safari hiyo yote. Mwanafunzi anayetamka kila e aliyoiona anasoma kumbukumbu ya lugha ya zamani, na kosa lake lina sababu inayoeleweka.

Kwamba kanuni hii huishi sikioni lilionyeshwa na mtafiti Jean Berko huko Marekani mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wadogo michoro ya viumbe vya kubuni, kimojawapo akakiita "wug", kisha akawauliza viwili vinaitwaje. Wengi walijibu kwa z, ingawa neno lile hawakuwa wamelisikia kamwe. Lakini kwa maneno ya kubuni kama "tass" na "gutch", yanayodai iz, wengi walilirudia neno bila kuliongeza chochote, hata watoto walioweza kusema "glasses" vizuri. Hata wenye lugha yao, basi, hulimiliki kundi la silabi ya ziada wakiwa wamechelewa. Ni sababu ya kulipa muda mrefu darasani badala ya kuliweka mwishoni mwa ukurasa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini Mtanzania au Mkenya ajitese kuiga London. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina lafudhi yake, na hakihitaji kuomba radhi. Nakubaliana nao, na ndiyo maana ninaiweka tofauti ya s na z mwisho. Waingereza wenyewe, z inapokuwa mwishoni mwa neno, mara nyingi huilegeza hadi ikaribie s. Msikilizaji huitambua kwa irabu iliyotangulia, ambayo ni ndefu zaidi katika "peas" kuliko katika "peace". Anayevuta irabu kidogo ataeleweka hata z yake ikiwa hafifu. Ila silabi iliyoongezwa, au s iliyodondoshwa, haihusu lafudhi. Inahusu kama kitabu kilikuwa kimoja au vingi. Mitihani haisaidii sana hapa, kwani hata ule wa KCSE nchini Kenya hupima stadi za kuzungumza kwa maswali yanayojibiwa kwa kalamu, kwa hiyo mazoezi ya sauti yanabaki mikononi mwa mwalimu. Na mwalimu huyo asiwabane wanafunzi kwa "clothes", yenye th na z zilizobanana: kamusi za matamshi hukubali th hiyo iachwe, neno likasikika sawa na kitenzi "close".